Kupanda miamba kando ya mito ya Tanga kwenye maeneo yenye wenyewe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wakuu, kila likizo ikikaribia maswali ni yaleyale, mtu kaona picha ya jabali limesimama juu ya mto, anataka kujua anafikaje na kamba yake. Tumeyakusanya hapa pamoja na majibu kwa jinsi tunavyofanya sisi wa Tanga, soma yote kabla hujapanda bodaboda.

Hii miamba iko wapi na ni mwamba wa aina gani?

Ni chokaa. Ni ileile iliyotengeneza mapango ya Amboni, mwamba wa zamani za Jurasiki, inakadiriwa miaka milioni 150 hivi, ulilala chini ya bahari ndo ukaja kuinuka. Mto Mkulumuzi na mto Zigi vimeukata mpaka vikaacha makorongo na magenge yaliyosimama wima, mengine yananing'inia juu ya maji kabisa. Mapango yenyewe yako kilomita 8 hivi kaskazini ya mjini, barabara ya kwenda Horohoro, unaingilia upande wa Kiomoni. Ila chokaa haiishii pale penye kibao cha mapango, inaendelea mbali sana, inatokeza kwenye mashamba, nyuma ya nyumba za watu, kwenye ardhi za vijiji na pembeni ya mashamba makubwa. Kwahiyo swali la kwanza huwa sio mwamba uko wapi, miamba ipo ya kutosha, swali ni uko kwa nani.

Ukipanda juu kuelekea Amani mwamba unabadilika, kule ni mawe magumu ya milima ya Usambara Mashariki, na sehemu kubwa ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya TFS, yani Wakala wa Huduma za Misitu. Hapo taratibu zake ni nyingine, hatuzizungumzii hapa.

Si ardhi yote Tanzania ni ya umma? Kwanini niombe ruhusa ya mtu?

Hili linaletwa sana na vijana waliosoma nusu ya sheria. Ni kweli, Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka huohuo zote zinasema ardhi ni ya umma na Rais ndo mdhamini wake. Lakini sheria hizohizo zinatoa haki ya kumiliki na kutumia, mtu anapewa hati ya miaka 33, 66 mpaka 99, au kijijini anapewa hati ya hakimiliki ya kimila, na akishapewa hiyo ardhi ni yake ya kutumia na ana haki ya kukuzuia usiingie. Udhamini wa Rais haukupi wewe mlango wa kuingia kwenye shamba la watu na hanesi, ule mkanda wa kupandia, kiunoni.

Na sio suala la ustaarabu tu. Kuingia kwenye eneo la mtu kwa nia ya kufanya kosa au kumbughudhi mwenyewe, au kugoma kutoka kwa nia hiyohiyo, ni kosa la jinai, liko kwenye Kanuni ya Adhabu kifungu cha 299. Unaweza ukasema sisi tulikuwa tunapanda tu, hatukuwa na nia mbaya, sawa, hayo utakuja kumweleza mkuu wa kituo ukiwa umeshaacha simu kaunta.

Lakini kuna zile mita 60 za kando ya mto, zile si za serikali?

Hapa ndo watu wengi wanachanganya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Yani inamkataza mwenye shamba kujenga pale au kufanya mambo yatakayoua mto. Haisemi kwamba ule ukanda umekuwa njia ya kila mtu. Mwenye hati unaweza ukamkuta hati yake inafika mpaka mtoni, haruhusiwi kujenga banda, lakini wewe pia hujapewa ruhusa ya kukatiza shamba lake ili ufike hapo.

Alafu sheria hiyo inatugusa na sisi. Ukichimbia ngazi ya chuma kwenye genge au ukamwaga zege la kusimamia, hiyo ni shughuli ya kudumu na uko ndani ya mita 60. Maji yenyewe kwa sheria ya rasilimali za maji ya 2009 ni mali ya umma, na kwa mito yetu hii wanaosimamia ni Bodi ya Maji Bonde la Pangani, maana Zigi na Mkulumuzi ziko kwenye bonde lao japo hazimwagi kwenye mto Pangani. Ukiwa na wazo la kujenga chochote karibu na maji waulize kwanza. Na kumbuka Zigi ndo mto wa bwawa la Mabayani, maji ya bomba yanayonywewa Tanga mjini yanatoka huko, kwahiyo kujisaidia ovyo juu ya mto ule ni kuchafua ndoo ya nyumbani kwenu.

Nitajuaje mwenyewe ni nani?

Usianzie kwenye ramani ya simu, anzia kwa watu. Nenda ofisi ya serikali ya kijiji au mtaa, salimia, mwone mtendaji au mwenyekiti, mwambie eneo unalolitaka, mara nyingi atakwambia palepale ni la nani, mpaka unapita wapi na kuna ugomvi wa mpaka au hamna. Hilo la ugomvi ni la kuuliza kabisa, maana ukipewa ruhusa na upande mmoja wa watu wanaogombana umeshajiingiza kwenye kesi isiyokuhusu.

Kama ni ardhi ya kijiji anayesimamia ni halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na mambo mazito ya ardhi yanapelekwa mkutano mkuu. Kwa kupanda siku moja huhitaji mkutano mkuu, ila kama mnataka sehemu ya kudumu ya kufanyia mazoezi basi lisemwe mkutanoni watu wote wasikie, msimalizane na mwenyekiti peke yake ofisini. Ruhusa iliyotolewa na mtu mmoja huwa inaondoka na mtu mmoja. Kama ni shamba kubwa, la mkonge au la mifugo, mwenye hati anaweza kuwa Dar au nje ya nchi kabisa, wa kuongea naye ni meneja. Na kuna maeneo juu ya genge ni ya huyu na chini kwenye mto ni ya yule, hapo unaomba kote kuwili, yule wa juu kwa sababu utafunga kamba kwake, yule wa chini kwa sababu utasimama kwake.

Na pale mapango ya Amboni kwenyewe inaruhusiwa kupanda?

Pale ni eneo la mambo ya kale, lina ulinzi wa kisheria, na saivi liko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Kiingilio ukilipa kinakupa kutembezwa mapangoni na mwongozaji, hakikupi kupanda kuta wala kugonga chuma kwenye mwamba. Ukitaka zaidi ya hapo andika barua kwa mamlaka, usimshawishi mwongozaji akufumbie macho, yule kijana ndo atakayefukuzwa kazi, wewe utarudi zako mjini.

Nikifika getini niseme nini?

Hili ndo swali muhimu kuliko yote humu na ndo linaulizwa kidogo. Watu wanahangaika na sheria na vifaa, wanamsahau mlinzi.

Mlinzi wa shamba ni mtu mzima, amekaa pale kutwa nzima, kazi yake ni kuhakikisha hakipotei kitu, sasa anaona vijana wanne wanashuka na mabegi makubwa, kamba na vyuma vinalia. Kitu cha kwanza kinachomjia ni wizi. Mkija mmevaa mazagazaga yote mmeshajiharibia. Mara ya kwanza nendeni wawili, mikono mitupu, nguo za kawaida, na barua kwenye bahasha.

Mfano mmoja, kwenye shamba mojawapo huku upande wa mto, mazungumzo yalikwenda hivi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mnatafuta nani?"

"Tunaomba kumwona meneja mzee wangu, tuna barua yake. Kama hayupo tutakuja siku atakayokuwepo."

"Barua ya nini?"

"Tunaomba kufanya mazoezi ya kupanda lile genge la mtoni, kwa kamba. Tumepita kwa mtendaji, barua yake hii hapa."

Mzee akaishika ile barua, akaangalia mhuri kwanza kabla ya maneno, akauliza sisi watoto wa nani, nani anamjua nani, mpaka ikaonekana mjomba wa mmoja wetu alishafanya kazi kwenye shamba hilohilo. Kisha ndo akasema meneja anakuja Jumanne na Alhamisi, acheni barua nitampa mkononi. Akampa kweli. Na baada ya ruhusa kutoka yule mzee ndo aliyetuonyesha njia ya kushukia mtoni ambayo haikatizi katikati ya mkonge, bila yeye tungekuwa tunachomwa na miiba mpaka leo.

Kwahiyo kila mkifika, hata kama meneja mmeshakuwa marafiki wa kupigiana simu, pitieni kwa mlinzi, semeni mko wangapi na mtatoka saa ngapi, mkitoka muageni. Akijua mmetoka anafunga geti anaenda kula kwa amani.

Barua iandikweje?

Ukurasa mmoja unatosha. Anza na mko kina nani na mnatoka wapi, sema genge lipi mnaliomba, siku zipi, watu wasiozidi wangapi, mtapita njia gani, gari au pikipiki mtaziacha wapi. Sema waziwazi mambo ambayo hamtafanya, yani hamtawasha moto, hamtakata mti, hamtaleta pombe, hamtachimbia chuma bila kuomba upya. Weka namba mbili za simu za watu wazima wanaopokea. Malizia kwa kusema kwamba mwenye eneo anaweza kusimamisha ruhusa siku yoyote kwa simu tu bila kutoa sababu. Hiyo sentensi ya mwisho watu wanaiogopa, wanaona wanajinyima haki, lakini kwa tulivoona ndo inayofungua milango, mwenye shamba akishajua kufunga ni rahisi haogopi kufungua.

Ambatanisha barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa unakotoka. Alafu usimbane ajibu papohapo, mpe nafasi.

Wenye maeneo wanaogopa nini hasa?

Mwingine anaogopa wizi, mwingine anaogopa njia, yani leo mmepita nyie, kesho wanapita wakata mkaa kwa njia ileile, keshokutwa mtu anasema hapa ni njia ya zamani haifungwi. Hofu hiyo ni ya haki, tusiibeze. Tunaijibu kwa kuandika kwenye barua kwamba tunapita kwa hisani na hatudai njia.

Ila kubwa zaidi ni ajali. Anajiuliza akianguka mtu kwenye shamba langu mimi nitafanywaje? Duniani hili limetafutiwa majibu tofauti. Marekani majimbo karibu yote yana sheria za kumkinga mwenye ardhi anayeruhusu watu bure kwa michezo na mapumziko, na akianza kutoza kiingilio ile kinga mara nyingi inapungua au inaondoka. Uingereza na Wales kuna sheria ya mwaka 2000 iliyofungua maeneo ya milima na nyika kwa watembea kwa miguu, na ikapunguza lawama kwa mwenye ardhi mtu akiumia kwenye vitu vya asili kama mwamba. Skotlandi waliweka yao 2003, kule mtu ana haki ya kupita almradi apite kwa kuwajibika, na Norwe wanayo ya namna hiyo tangu 1957. Sisi huku hatuna haki ya kupita kama hiyo, kwahiyo usimnukulie meneja mambo ya Norwe, atakuona unamdharau.

Kuna njia nyingine wapandaji wa nje walitumia, kununua mwamba wenyewe. Chama cha wapandaji cha Uingereza kinamiliki genge la Craig Bwlch y Moch kule Wales tangu 1979. Marekani shirika la Access Fund lilianzishwa 1991 kwa kazi hii hii ya kulinda maeneo ya kupanda, na kule Kentucky bonde la Muir Valley, ambalo lilikuwa mali ya mume na mke waliokuwa wanakaribisha watu, lilikabidhiwa kwa taasisi ya kulitunza mwaka 2015. Sisi hela ya kununua genge hatuna, tunachoweza ni kupunguza hofu. Kila mtu anasaini karatasi kwamba anajua hatari na amekuja kwa hiari yake. Karatasi hiyo haimfuti mtu uzembe wake na mwanasheria yeyote atakwambia hivo, lakini inamwonyesha meneja kwamba mmefikiria. Na kikundi kiwe na bima ya ajali, kampuni za bima mjini zipo, ulizia ya kikundi na ueleze mchezo wenyewe ni upi ili isije ikakataliwa siku ya kudai.

Tumlipe mwenye eneo?

Usianze wewe kutaja hela. Ukianza na hela umeshaufanya uwe mradi, na meneja ataanza kupiga hesabu za kichwa kwa kichwa. Omba kwanza, akisema anataka mchango muelewane kiasi na muandikiane. Kijijini mchango uende kwenye akaunti ya kijiji na mpewe stakabadhi, na kama ni taasisi ya serikali omba kontroo namba, bila kontroo namba hela yako imeenda mfukoni kwa mtu na ruhusa yako haipo popote.

Mlinzi mnaweza kumletea sukari au vocha, hiyo ni heshima ya kawaida, lakini iwe baada, isiwe getini kabla hamjaingia. Kuna tofauti kubwa hapo na yeye anaijua.

Sisi tunapenda zaidi kutoa kazi. Meneja mmoja alikuwa na kichaka kimeziba njia ya kwenda kwenye pampu yake ya mtoni, tukaenda na mapanga tukasafisha asubuhi, mchana tukapanda. Ruhusa ya pale haijawahi kusumbua tena.

Tunaruhusiwa kuchimbia bolti?

Ruhusa ya kupanda sio ruhusa ya kutoboa mwamba na kuchimbia bolti, vile vyuma vya kudumu vya kushikia kamba. Ni maombi mawili tofauti, na la pili linaombwa baada ya kuaminiana. Kwa magenge mengi ya huku hata haina haja, juu kuna mibuyu na miti mikubwa yenye mizizi ya maana, unafunga kamba juu kwenye mti mzima, sio mmoja, miwili, unaweka kitambaa kigumu isikwaruze gome, unashusha kamba unapanda kutoka chini.

Kama kweli inabidi bolti basi jua uko karibu na bahari. Kule Thailand kwenye magenge ya chokaa ya pwani bolti za chuma kisichoshika kutu zilikuwa zinapasuka ndani ya miaka michache tu, kwa macho zinang'aa kumbe ndani zimeliwa na chumvi, mpaka wakahamia kwenye titaniamu iliyogundishwa kwa gundi maalumu. Bolti ya dukani kwa fundi wa mageti usiifikirie kabisa. Na ukishatoboa shimo halirudi, mwenye eneo akiwakatalia mwakani chuma chenu kimebaki kwenye mwamba wake.

Tanga ndo nyumbani kwa mkonge, kwanini tusitumie kamba ya katani?

Tunalijibu hili kwa upendo maana wanaouliza ni vijana wa hapahapa ambao babu zao wamekata mkonge maisha yao yote. Mkonge uliletwa 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche iliyofika hai ilikuwa 62, na kutokana na hiyo, nchi ikaja kuwa ya kwanza duniani kwa katani. Ni kamba nzuri ya kufunga mzigo, kuvuta mashua, kufunga ng'ombe. Na zamani wapandaji wa Ulaya kweli walikuwa wanajifunga kamba za nyuzi za mimea, waliokuwa wakianguka mara nyingi kamba ilikatika.

Shida ni kwamba katani haivutiki. Mtu akianguka mita tatu kamba lazima inyooke kidogo ilambe ule mshtuko, isiponyooka mshtuko wote unaenda kwenye kiuno chake au kamba yenyewe inakatika. Tena katani ikilowa na kukauka mara kwa mara inaoza katikati, nje unaona nzima. Nailoni ndo ilibadilisha mambo baada ya vita kuu ya pili, na 1953 kampuni ya Edelrid ya Ujerumani ikatoa kamba yenye nyuzi za ndani zilizofunikwa na ala ya nje, ndo aina inayotumika mpaka leo. Unayoitaka ni kamba ya kupandia inayovutika, unene wa milimita 9.5 hadi 10 hivi, yenye alama ya UIAA (shirikisho la kimataifa la wapanda milima) au EN 892 (kiwango cha Ulaya cha kamba hizi). Kamba ya manila ya dukani, ile ya rangi ya bluu ya wavuvi, hapana. Kamba ya mitumba usiyojua historia yake, hapana pia.

Kuna mimea au wanyama wa kuangalia?

Wapo, na hapa naomba msome polepole. Kile kiua cha zambarau kinachouzwa kwenye vyungu dunia nzima, wazungu wanakiweka madirishani, asili yake ni huku kwetu. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa huku, Walter von Saint Paul-Illaire, alikipeleka kwao, mwaka uliofuata kikaandikwa na wanasayansi kwa jina lake, Saintpaulia. Na hakukitoa Usambara juu peke yake, alikikuta pia kwenye chokaa hii ya karibu na Tanga. Kinakaa upande wa kivulini, kwenye nyufa zenye ukungu wa kijani, majani ya duara yana manyoya laini, yamelala bapa juu ya jiwe, udongo wake ni ule mdogo tu ulionasa kwenye ufa. Hilo ndo eneo hasa ambalo mpandaji mpya analiona chafu akaanza kulikwangua kwa brashi ya waya ili apate pa kushika. Tafadhali msikwangue. Ukiona majani hayo hamisha njia, mwamba ni mpana. Wala usichume upeleke nyumbani.

Popo wako ndani ya mashimo, usiingize mkono wala kumulika.

Nyuki ndo hatari ya kweli. Wanapenda mashimo ya magenge na ukiwagusa ukiwa umening'inia huna pa kukimbilia. Kabla ya kupanda kaa chini kimya dakika kadhaa, sikiliza, angalia mstari wa nyuki wanaoingia na kutoka, waulize warina asali wa kijiji wanayajua mashimo yote. Wakikushambulia shushwa upesi, funika uso, kimbia mbali, usijitose mtoni. Kuhusu mamba waulize wavuvi wa eneo hilohilo, na maji yaliyotuama usiyaingie ovyo, kichocho kipo.

Sehemu nyingine tumekuta vitambaa na sahani za udongo chini ya mwamba, tufanyeje?

Ondokeni pale, pandeni kwingine. Watu wanaenda kwenye mapango na magenge ya huku kuomba, kutafuta mtoto, kuondoa mkosi, hata Amboni yenyewe kuna pango ambalo watu mpaka leo wanaacha sadaka zao. Iwe unaamini au huamini, pale ni mahali pa ibada ya mtu. Usihamishe kitu, usipige picha, usifunge kamba juu yake. Ukienda kuomba ruhusa muulize mzee wa kijiji moja kwa moja, je kuna mahali hatutakiwi kufika, atafurahi umeuliza na atakwambia.

Kuna watu wanafua na kuvua pale chini, tuwaombe wasogee?

Hapana, mnasogea nyie. Hili sisi hatulegezi. Wale kina mama wamekuwa wakifua kwenye jiwe lile kabla hatujajua karabina, ile pete ya chuma ya kuunganishia kamba, ni nini, na mara nyingi wao wako pale kwa ruhusa ya kimyakimya ya mwenye shamba, ruhusa ambayo haijaandikwa popote. Tukija sisi na barua yenye mhuri na kelele za kamba, meneja anaweza akaanza kujiuliza kwani hawa wengine nao wanaingiaje, akafunga geti kwa wote. Tumewahi kusikia mwenye eneo anataka kutuachia sisi tu na kuwazuia wanakijiji kwa kuwa sisi tunalipa, tukakataa. Genge ambalo limefunguliwa kwetu kwa kufungiwa wenyeji hatulitaki. Pia wakiwa kina mama wanaoga, mnasubiri mbali mpaka wamalize, bila kuambiwa.

Msimu gani mzuri?

Masika ya Machi hadi Mei acha kabisa, chokaa inateleza, mto unajaa ghafla, mvua inanyesha milimani Usambara huku kwako jua linawaka, ukija kushtuka maji yameshafika kwenye mabegi. Vuli ya Oktoba hadi Desemba angalia siku kwa siku. Juni mpaka Septemba ndo raha, kuna upepo na mwamba mkavu. Anza alfajiri, saa tano jiwe limeshakuwa moto.

Ajali ikitokea?

Zimamoto na Uokoaji wanapatikana kwa 114, dharura 112. Hospitali kubwa ni ya rufaa ya mkoa, Bombo. Lakini kwenye makorongo mtandao unakatika, kwahiyo kabla ya kupanda jua ni wapi simu inashika, na mtu mmoja ajue njia ya kumtoa mgonjwa mpaka barabarani. Mlinzi aambiwe mapema, ndo mwenye ufunguo wa geti. Helmeti wote, hata anayeshika kamba chini, maana mawe madogo yanadondoka.

Wakikataa, si tuingie kwa mtumbwi kupitia mtoni?

Mmekataliwa, basi. Kwa mtumbwi mkishakanyaga ukingo na kushika mwamba mmeshaingia kwa mtu. Na mtakaowaumiza ni wapandaji wote wa Tanga, meneja hawezi kututofautisha, kwake yeye sisi ni wale watu wa kamba. Subirini, baada ya miezi peleka barua nyingine, labda kilichokataliwa ni wakati wa mavuno tu.

Naweza kuposti picha na lokesheni?

Picha ya mwamba posti, lokesheni usiweke mpaka mwenye eneo akubali. Watu wataifuata pini watafika getini bila barua. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hata ukiwa nacho muulize mwenye shamba. Na alama za choki, ule unga wa kukaushia mikono, futa kabla hujaondoka, chokaa ya huku ina kijivu, ile nyeupe inaonekana mpaka ng'ambo.

Meneja amehama au shamba limeuzwa, ruhusa yetu bado ipo?

Chukulieni haipo. Mkisikia kuna mabadiliko simamisheni kupanda, nendeni mkajitambulishe upya, wawili, mikono mitupu, na nakala ya barua ya zamani ili mgeni aone yaliyokubaliwa. Muombeni mlinzi awatangulize, yeye huwa anabaki mabosi wakiondoka. Msubiri jibu, na wakati mnasubiri waambieni na wenzenu wa Dar na Arusha wasije.